Nani Aliyeinama Uwanjani

Redio yetu hapa Kamina husoma matangazo ya vifo mchana, kabla ya muziki, na sidhani kama mji huu una kipindi kingine kinachosikilizwa kwa makini kama hicho. Siku ile nilikuwa kwa kinyozi, shuka shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, msomaji aliposema kwamba mama mmoja wa kanisa la Kimetodisti, mkaaji wa mtaa ulio nyuma ya stesheni, anawatangazia ndugu na marafiki kifo cha baba yake mpendwa, karani mstaafu wa reli. Kinyozi alizima mashine. Mama huyo anajulikana na watu wote, amekaribia miaka themanini na anatembea kwa kushikilia kuta. Karani naye alijulikana, na hakuwa amefika sabini. Mtu mmoja kwenye benchi akasema, "Leo redio imelewa. Mutoto namna gani anamupita baba yake miaka?" Wakacheka wote, kinyozi akawasha mashine yake na kazi ikaendelea. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua kwamba tangazo lile halikuwa na kosa hata moja. Niliomba animalizie upesi, nikatoka na kichwa kimejaa vipande vya nywele, nikaenda nyumbani kuvaa shati jeusi.

Wasomaji wangu wa huku hawahitaji maelezo, lakini safu hii inasomwa mbali pia, kwa hiyo nivumilieni. Kwetu mtoto akizaliwa, wakubwa wa ukoo hawaulizi kwanza anafanana na nani. Wanauliza nani amerudi. Wakikubaliana kwamba ni babu yake amerudi, mtoto anapewa jina la babu, na kuanzia siku ile anaitwa babu kweli, kwa Kiluba Nkambo, na watoto wa yule mzee aliyekufa wanamwita Tata, yaani baba. Marehemu wetu alikuwa mtoto wa namna hiyo. Yule mama wa redio ni shangazi yake, dada mdogo wa baba yake, na ndiye mtoto pekee wa mzee wa zamani aliyebaki hai. Tangu mpwa wake akiwa amefungwa nepi, shangazi alikuwa akimwamkia kwa kupiga magoti na kusema, "Jambo, Tata." Kanisani Jumapili walikaa benchi moja na kumsikiliza mchungaji akieleza kwamba wafu wamelala hadi parapanda. Wakirudi nyumbani, shangazi alimwekea mpwa wake firigisi ya kuku, kwa sababu firigisi ni ya baba. Sijawahi kuona mtu akisumbuliwa na tofauti hiyo, na mimi mwenyewe, niliyefundisha shule ya misheni hadi nilipostaafu, sikuwahi kusumbuka nayo.

Aliyesumbuka ni karani mwenyewe. Alinisimulia siku moja, bila hasira, kisa cha utotoni ambacho tangu hapo hakinitoki. Mzee mmoja alifika kwao kutoka upande wa Bukama, amechoka na njia, akakataa maji, akakataa kiti, akasema amekuja kudai maneno. Babu, enzi za uhai wake, alikuwa amempiga mzee huyo kwa mpini wa jembe mbele ya wakwe zake, kisha akafa bila kuomba msamaha. Sasa amesikia kwamba mwenye kosa amerudi duniani, basi aombe. Familia haikuona ajabu. Walimwita mtoto kutoka uani, alikokuwa akicheza na wenzake, wakampangusa vumbi, wakamkalisha kwenye kiti cha wakubwa, miguu yake ikining'inia. "Nilikuwa bado na meno ya maziwa," aliniambia. "Nikasema, unisamehe, minyi njo nilikupiga. Ule muzee akalia, akanishika mukono. Kisha bote bakakula. Minyi sikukula. Nilikuwa najiuliza, mukono yangu ilipiga muntu saa gani?" Alipokuwa akisema hivyo aliutazama mkono wake wa kulia, mkono wa mtu mzima aliyeandika hati za mizigo ya treni maisha yake yote.

Sasa nije kwenye gofu, maana najua wengine mnacheka mkisikia gofu na Kamina katika sentensi moja. Nyuma ya nyumba za zamani za wakubwa wa reli upo uwanja ambao wazungu waliuchonga enzi zao. Mahali pa mashimo, pale ambapo viwanja vya siku hizi vinaoteshwa majani laini, wao walimwaga mchanga uliokorogwa na mafuta machafu ya mashine ili upepo usiupeperushe. Waliondoka, mahindi na mihogo vikaingia, vichuguu vikapanda, lakini sehemu ndefu ya katikati ilibaki wazi kwa sababu ng'ombe wanapita hapo. Karani wetu alikuwa tayari mtu wa ndoa na watoto siku alipopanda kwenye dari la nyumba ya baba yake kuziba mahali panapovuja kabla ya mvua. Akakuta fimbo moja: kichwa cha chuma cha gofu, kimefungwa kwenye bomba jembamba, na kwenye mshiko pamezungushwa ngozi iliyokauka. Hakuuliza ni ya nani. Aliipenda tu. Jioni akashuka nayo uwanjani, akaokota mpira mkuukuu kwenye majani, akaanza kupiga. Hakuwa na mwalimu, hakuwa amewahi kuona mtu akicheza, wala hakuna mwingine mjini aliyecheza. Alijifunza kwa kukosea. Aliniambia kwamba miaka ile ya kwanza ndiyo ilikuwa raha ya maisha yake, kwa sababu kwa mara ya kwanza alikuwa na kitu ambacho hakuna mtu aliyekuwa nacho kabla yake.

Raha ile iliisha siku shangazi yake alipopita uwanjani akitoka mkutano wa wamama wa kanisa. Akasimama. Akamwona mpwa wake anainua fimbo, na kabla fimbo haijashuka, goti la kushoto linazama kidogo, mwili wote unainama upande kama anayetaka kuokota kitu, kisha ndipo anapiga. Shangazi akaanza kulia. Alisema babake alikuwa mbebaji wa fimbo za wazungu kwenye uwanja huo huo, na siku wazungu wasipocheza aliruhusiwa kupiga mwenyewe. Alisema fimbo ile ni ya babake. Na alisema babake alikuwa na goti bovu, alibanwa na kitoroli cha reli, na kila alipopiga alizama hivyo hivyo. Habari ikazunguka mtaani kabla ya jua kuzama. Watu walikuja kutazama goti la karani kama watu wanavyokwenda kutazama nyumba iliyopigwa na radi. Kuanzia hapo, kila Jumapili baada ya ibada, shangazi alibebewa kiti hadi pembeni ya uwanja, akafungua mwavuli wake, akakaa kumtazama Tata. Mimi pia nilianza kufika, nikiwa na udadisi wa mstaafu asiye na kazi, na ndivyo tulivyofahamiana. Hatukuwa marafiki wa kula pamoja. Tulikuwa watu wa kusimama uwanjani na kuzungumza.

Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini jioni moja aliniuliza swali ambalo naona alikuwa amelibeba muda mrefu. "Mwalimu," alisema, "goti yangu haina ugonjwa. Ku ngazi haiumie, ku pedali ya kinga haiumie. Juu ya nini inazama?" Nikamwambia sijui ni kwa nini, labda ni mazoea. Akatikisa kichwa. Alisema kila kitu alichopewa maishani, firigisi, kiti, salamu, hata kosa la kumpiga mtu wa Bukama, kilikuwa cha mwingine, naye alikivumilia kwa sababu alikikuta. Lakini gofu alijifunza peke yake. Kama hata humo ndani mna mtu mwingine anayemwinamisha, basi anataka ajue, ili aache kujitafuta. Hayo ndiyo maneno yake, kuacha kujitafuta. Kisha akaniambia kwamba Lubumbashi kuna mwalimu wa gofu, kijana aliyesomea kazi hiyo, asiyejua lolote kuhusu Kamina wala babu. Alitaka mtu wa namna hiyo amtazame mara moja tu. Mimi nilikuwa na shughuli zangu za pensheni huko Lubumbashi, nikasema tusafiri wote. Tulipanda treni na fimbo imefungwa kwenye gunia la unga, na njia nzima aliishikilia katikati ya magoti.

Somo lake la kwanza la gofu, baada ya miaka yote ile ya kujifundisha, halikuchukua muda mrefu. Uwanja wa Lubumbashi una majani mabichi hata kiangazi, na karani wetu alivua kofia alipoingia kama anayeingia kanisani. Mwalimu alikuwa kijana mchangamfu, kofia nyeupe, akamsalimu kwa heshima na kumwomba apige mipira michache kwa namna yake. Akapiga. Kijana akakunja uso, akaomba apige tena, akazunguka nyuma yake. "Papa, nani alikufundishaka?" akauliza. "Hakuna muntu," akajibu marehemu. "Nilijifundisha peke yangu." Kijana akasema, "Mukono iko muzuri sana. Lakini mbele ya kupiga, papa, unazamisha goti. Juu ya nini?" Marehemu aligeuka akanitazama mimi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyesimama mlangoni mwa daktari. Tukangoja.

Kijana aliichukua ile fimbo, akaisimamisha kando ya mguu wake, kisha kando ya mguu wa marehemu, akatabasamu. "Papa, shida haiko ku goti. Shida iko ku fimbo. Hii fimbo ni fupi, na weye uko murefu. Unazama juu chuma ifike ku mupira, njo ile tu. Mwenye aliikata alikuwa muntu mufupi. Yee alikuwa anasimama wima, hakuwa anainama hata kidogo." Marehemu akamwuliza pole pole arudie hilo la mwisho. Kijana akarudia: aliyeikata fimbo hii aliikata kwa kimo chake, na kwa kimo hicho hapakuwa na haja ya kuinama. Kisha akampa fimbo ndefu kutoka kwenye mfuko wake, akamsogeza miguu, akamwambia apige bila kufikiri. Mara ya kwanza alichimba udongo. Mara ya pili mpira ulitambaa. Mara ya tatu goti halikuzama, mgongo ulibaki ulivyo, na mpira ukaruka mbali kuliko nilivyowahi kuuona ukiruka kule kwetu kati ya mihogo. Alibaki ameinua fimbo begani, hakuishusha. Akasema kwa sauti ndogo, "Njo minyi," yaani huyu ndiye mimi. Kisha akakaa chini kwenye majani, mtu mzima, akafunika uso kwa kofia yake na kulia, na yule kijana akaniuliza kwa wasiwasi kama papa anaumwa.

Sikuwahi kumwona na furaha kama siku zile. Mwalimu wa gofu alimwachia fimbo moja ndefu iliyotumika, na kwenye treni ya kurudi mtu yule wa maneno machache hakunyamaza. Alisema amezaliwa upya akiwa na mvi. Alisema babu hakuinama, kwa hiyo kuinama kulikuwa kwake mwenyewe, na sasa ameacha kwa sababu yeye mwenyewe ameamua kuacha. Alitaka kuanza kula firigisi au kutoikula kwa hiari yake. Nilimuuliza, na shangazi je? Akasema atamweleza polepole, ataelewa, ni mama mwenye akili. Lakini hakumweleza. Jumapili ile alifika uwanjani na fimbo ndefu, shangazi ameshakaa chini ya mwavuli wake, akasimama na kupiga wima, vizuri kabisa, mpira ukavuka shamba la mahindi. Watu wachache tuliokuwepo tulipiga makofi. Shangazi hakupiga. Alitazama mahali mpira ulipoangukia, akamtazama mpwa wake kuanzia miguuni hadi kichwani, akauliza, "Tata iko wapi?" Akauliza tena, kwa sauti ya mtoto aliyeachwa sokoni, kisha akaomba apelekwe nyumbani. Wiki hiyo hakula. Walimpikia samaki wa ziwani, walimpikia sombe ya majani ya muhogo, alipokea sahani kwa adabu na kuiweka chini.

Jumapili iliyofuata marehemu alirudi na fimbo fupi. Aliinama, akapiga, shangazi akasema asante Mungu, na jioni hiyo akala bukari, ugali wetu. Tangu siku ile mtu yule aliishi kwa fimbo mbili. Siku za kazi, jioni, akiwa peke yake au na mimi, alitumia ndefu na kupiga wima. Jumapili alitumia fupi kwa ajili ya mama aliyekaa kitini. Mimi niliona ni mpango mzuri, nikamwambia hivyo. Akasema, "Ni muzuri, mwalimu, kama mwili inajua siku." Sikumwelewa wakati huo. Nilimwelewa mwisho wa kiangazi kilichopita, wakati ambapo moshi wa nyasi zinazochomwa unashuka hadi mjini na macho ya kila mtu yanawasha. Ilikuwa siku ya kazi. Uwanjani tulikuwa wawili tu, shangazi yuko kwake. Akashika fimbo ndefu, akaiinua, na kabla haijashuka nililiona goti lake likizama. Mwili ukainama upande, vilevile kama zamani, na chuma, kwa kuwa sasa kilikuwa kirefu mno kwa mtu aliyeinama, kikachimba ardhi. Alikaa hivyo, ameinama, bila kugeuka. "Niliinama?" akauliza. Nikasema, "Uliinama, ndugu." Akaniuliza, "Sasa nani aliinama?"

Nakiri kwamba jioni ile, jua likiwa bado juu, nilitazama nyuma yangu. Haikuwa fimbo, maana fimbo ilikuwa ndefu. Haikuwa babu, maana mwalimu wa gofu alishathibitisha kwamba babu alisimama wima. Haikuwa ugonjwa wa goti. Marehemu alijaribu tena, akainama tena, akaondoka bila kuokota mipira yake. Hakuniuliza tena swali lile, wala hakupiga tena siku za kazi. Alifika Jumapili tu. Alianza kukonda baada ya hapo, tumbo likamsumbua, na mara ya mwisho nilipomtembelea alikuwa amelala kwenye godoro sebuleni, karibu na dirisha. Binti yake alikuwa mjamzito, akipita na kurudi na maji. Karani alingoja atoke, akaniambia, "Mwalimu, ule mutoto, basimupe jina yangu. Bamuache akuye yee mwenyewe, hapana mungine." Nikasema nitasema. Akanishukuru kama mtu aliyepokewa mzigo mbele ya mlango wake. Mtoto, wa kiume, alizaliwa juma moja kabla ya redio kutangaza, na kwetu mtoto anayepishana hivyo na mgonjwa huhesabiwa kuwa ni yeye anayerudi.

Nimefikiri sana kuhusu sisi watu wa nchi hii na wafu wetu. Kule Sanga, kwenye Ziwa Kisale, wataalamu walikuja kufukua makaburi ya watu wa kale, wakawakuta wamelazwa na vyungu vyao na shaba shingoni, na sasa mambo yao yanasomwa vitabuni. Tulipokuwa tukifundisha historia hiyo darasani, wanafunzi walishangaa kwamba mtu achimbe chini kuwatafuta wazee. Kwao wazee hawako chini. Wako kwenye benchi la mbele, wamevaa sare ya shule, wanaitwa Nkambo na wanapata sifuri katika hesabu kama wengine. Niliona jambo hilo ni zuri, na bado naona ni zuri, kwamba kwetu mtu hafi akaisha. Ila hatumwulizi mtoto kama ana nafasi. Miaka hii, watu wakimiminika mjini wakikimbia vita vya upande wa Malemba-Nkulu, wafu wamekuwa wengi kuliko watoto wa kuwabeba, na nimeona mtoto mmoja akipewa majina ya watu watatu waliouawa. Nilimtazama mtoto yule amelala kwenye kitenge cha mama yake na nikamwogopa.

Kwa hiyo kwenye kilio, baada ya maziko, ukoo ulipokaa chini ya turubai kuzungumza mambo ya mtoto, nilisimama nikasema niliyotumwa. Mimi si wa ukoo. Mjomba mmoja aliniuliza kwa adabu kali kama mwalimu anadhani yuko darasani. Shangazi alikuwa amekaa kwenye mkeka katikati ya wamama, mtoto mapajani mwake, na wote tulijua kwamba neno la mwisho ni lake, kwa sababu ndiye peke yake aliyewahi kumwona yule mzee wa kwanza. Akainua mkono wanyamaze. Akaniuliza, "Alisema vile, mwalimu? Ku kinywa yake?" Nikasema, "Alisema vile, mama." Alimnyoosha mtoto vidole, kimoja kimoja. Kisha alisema maneno ambayo turubai zima liliyasikia, na sidhani kama kuna aliyelala vizuri baada ya hapo.

"Tata wangu, minyi sikumuonaka," alisema. "Alikufa nikiwa bado ku mugongo ya mama. Hakuna mwenye aliniambia eti anainama. Hakuna mwenye aliniambia goti. Nilipita pale ku uwanja, nikamuona ule mutoto wa kaka anainama muzuri vile, nikajisemea, Tata wangu angekuwa muntu wa kuinama vile. Nikasema njo yee. Bote mukakubali." Akaendelea, bila kulia, akimtazama mtoto, "Alikuwa ananijua, naona. Alikuwa anainama juu yangu, juu minyi nifurahi. Basi. Mupe mutoto jina ya mupya, sawa vile Tata alisema. Lakini minyi, kuanzia leo, nitaita nani Tata?" Hata mjomba aliinamisha kichwa. Mtoto alipewa jina ambalo hakuna mtu wa ukoo ule aliyewahi kulibeba, na bibi huyo amelirudia mara nyingi ili alizoee, na bado linamshinda.

Basi sasa najua nani aliyeinama siku ile uwanjani, chini ya moshi, bila mtu kumtazama. Hakuwa mfu. Alikuwa mtu aliyemwinamia mama mmoja Jumapili nyingi hadi mwili wake ukaacha kuuliza kama mama yupo. Jibu hilo lingepaswa kunituliza, lakini halijanituliza, kwa sababu ya jambo lililotokea wiki hii. Mimi pia nina goti, ni uzee tu, linanisumbua asubuhi na huwa nachechemea kwenda sokoni. Njia yangu inapita mbele ya ua wa shangazi. Alikuwa ameketi nje kwenye kiti kile kile, na niliona anavyowatazama wanaume wanaopita. Hatazami nyuso. Anatazama miguu. Nilipokaribia, macho yake yakashuka kwenye goti langu na kubaki hapo, akafungua kinywa kama anayetaka kuita. Na mimi, niliyesimama mbele ya ukoo mzima kumtetea mtoto asibebeshwe mtu, nilikaza meno, nikanyoosha mguu unaouma, nikapita mbele yake nikitembea wima. Tunasema watoto waachwe huru, na tuko sawa kusema. Tujifunze pia kwamba ukimtua mtoto mzigo, mzigo huo unamngoja mtu mzima aupokee. Nilimsikia nyuma yangu akifunga kinywa, na sikugeuka.